Tusimdharau kiungo wa nyuma

JUMAMOSI moja mwezi uliopita nilikuwa Soko la Burma, Nairobi, nikingoja nikatiwe kilo mbili za nyama ya mbuzi. Nilikuwa nimefuatana na mpwa wangu, kijana wa miaka 19 aliyetoka Mombasa kuja kusoma huku, naye hakuwa na habari na nyama wala na bei yake. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda cha fundi wa simu kinachoelekeana na bucha, kompyuta magotini, uso umemkunjamana kama mtu aliyepokea barua ya kufukuzwa kazi.

"Kuna nini, mwanangu?" nikamwuliza.

"Mjomba, nimefungwa tena," akajibu. "Mechi ya nne hii, na mabao yote yapita katikati."

Hakuwa amefungwa yeye. Iliyofungwa ni timu yake iliyomo ndani ya kompyuta. Lakini mahali tulipokuwa, maneno kama hayo hayawezi kupita hivi hivi. Msomaji ambaye hajafika Nairobi yafaa aelezwe kwamba Burma ni soko lililo kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na mitaa ya Shauri Moyo na Kaloleni, na wazee wa huko husema jina hilo lililetwa na askari waliorudi kutoka vita vya Burma mwaka 1945. Ubavuni mwake upo uwanja wa City, ambao sasa umepewa jina la marehemu Joe Kadenge. Siku ya mechi mashabiki hupitia kwanza Burma kula nyama, kisha ndipo waingie uwanjani. Mtu akitaka kubishana juu ya kandanda, hapo ndipo penyewe.

Mchezo uliomkasirisha kijana wangu huitwa Football Manager. Ulianzishwa Uingereza na ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, ambao mwaka 1992 waliutoa kwa jina la Championship Manager. Jina la sasa ukalipata mwaka 2004. Ndani yake wewe hupigi mpira hata mara moja. Wewe ni meneja. Hununua na kuuza wachezaji, hupanga timu, humwambia kila mtu kazi yake, kisha huketi ukatazama matokeo ya maamuzi yako. Kila mchezaji ana alama kutoka 1 hadi 20 kwa kila sifa: kukaba, kupiga pasi, kujua pa kusimama, kutulia, kuamua. Kwa hivyo ni mchezo wa fikira, wenye udugu na bao zaidi kuliko gozi.

Wapo watakaosema kwamba huu ni upuuzi wa vijana, unaokula wakati na hata swala. Kwa upande wa wakati sitawapinga, maana mimi mwenyewe nimembandua kijana huyo kwenye kompyuta mara mbili huku adhana ya alasiri ikisikika. Lakini mchezo unaomlazimisha mtu kujiuliza nani afanye kazi gani, na kwa sababu gani, hauwezi kuwa upuuzi mtupu. Siku ile ulinifunza jambo ambalo nimeona si vyema kulinyamazia.

Kazi nane

Mbele ya mabeki, pale ambapo leo huitwa namba sita, toleo la mwaka 2024 analotumia mpwa wangu lina kazi nane za kuchagua. Sitazitaja zote. Iko ya nanga, ambaye husimama mbele ya mabeki na habanduki. Iko ya mnyang'anyi, anayemwinda mwenye mpira popote alipo. Iko ya hafubeki, ambaye timu ikipata mpira hurudi akaingia kati ya mabeki wawili wa kati, ili wale wa pembeni wapate nafasi ya kupanda. Iko ya mchezeshaji wa nyuma, ambaye hupokea mpira kutoka kwa mabeki akaugawa kwa utulivu. Wabrazil nao wana yao, volante wa pili, anayeanzia nyuma na kuishia katika boksi la wapinzani. Na husemekana neno hilo limetokana na Carlos Volante, Muajentina aliyechezea Flamengo ya Rio de Janeiro, jina la mtu likawa jina la kazi. Na Waitalia wana regista, maana yake mwelekezi, kama yule wa sinema: mchezeshaji aliye huru kutanga uwanjani na kujaribu pasi za hatari.

Mpwa wangu alikuwa amechagua regista. Nilipomwuliza sababu, akanitazama kwa kunihurumia. "Ndiye Pirlo huyo, mjomba. Hakuna kazi bora kuliko hiyo."

"Sawa," nikamwambia. "Na Gattuso wako yu wapi?"

Akanyamaza.

Nilimwuliza hivyo kwa kuwa Andrea Pirlo, aliyetwaa ubingwa wa Ulaya na AC Milan mwaka 2003 na mwaka 2007, hakuwa peke yake pale nyuma. Ubavuni mwake alikuwapo Gennaro Gattuso, mtu wa kukimbia na kukaba, aliyeziba kila mwanya ambao mwenzake aliuacha. Ukimchukua Pirlo bila Gattuso umechukua nusu ya kitu. Nikaitazama timu ya kijana. Mabeki wake wote wawili wa pembeni walikuwa wameagizwa kupanda. Viungo wawili wa mbele walikuwa wameagizwa kuingia kwenye boksi. Nyuma yao alikuwa huyo mwelekezi, naye ana ruhusa ya kutanga. Mpira ukipotea, katikati hapakuwa na mtu. Nyumba ilikuwa na mapambo mazuri sebuleni, lakini haikuwa na mlango.

Maoni yangu basi ni haya, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu: kazi ya kiungo wa nyuma haichaguliwi kwa uzuri wa jina lake, bali kwa kuwatazama majirani zake. Mwenye kuchagua na ajiulize maswali matatu. La kwanza, ni nani aliye kushoto, kulia na mbele ya mtu huyu, na kila mmoja wao hukimbilia wapi? La pili, tukinyang'anywa mpira sasa hivi, ni nani atakayekuwa amesimama katikati? La tatu, na liwe la mwisho, ni mtu huyu mwenyewe ana nini: ana jicho la pasi, au ana akili ya kujua pa kusimama? Wengi wetu huanza na hilo la tatu, na kwa hakika hatulimalizi hata hilo, maana tukiona pasi moja nzuri tunasahau yote mengine.

Watengenezaji wa mchezo huo nao wameelekea huko. Katika toleo la 2026, lililotoka Novemba 2025, kila mchezaji hupewa kazi mbili: moja ya wakati timu ina mpira, nyingine ya wakati haina. Hivyo ndivyo kandanda ilivyo. Mtu asiyejua la kufanya bila mpira anajua nusu ya kazi yake.

Hekima hii si ngeni. Wazee wa Mombasa walioishangilia Feisal, mabingwa wa Kenya mwaka 1965, watakumbuka neno sentahafu. Katika mpango wa kale wa mabeki wawili, hafubeki watatu na washambulizi watano, sentahafu alikuwa katikati ya uwanja, akikaba na kugawa mpira kwa pamoja. Ilipobadilishwa sheria ya kuotea mwaka 1925, timu za Uingereza, Arsenal ya Herbert Chapman ikiwa mbele, zilimrudisha nyuma akawa beki wa tatu. Hafubeki wa kompyuta anayeingia kati ya mabeki wawili anafuata njia ile ile aliyopita sentahafu karibu miaka mia moja iliyopita. Jina limebadilika na nguo zimebadilika, lakini swali ni lile lile: ni nani atakayeziba mwanya?

Na lugha yetu imelijibu kwa uzuri kuliko lugha nyingi. Kiungo ni pale mfupa unapokutana na mfupa. Kiungo pia ni bizari, iliki na mdalasini wa pilau. Hakuna mgeni anayesifu goti la mwenyeji wake, wala hakuna anayeomba aongezwe mdalasini mtupu sahanini. Lakini goti likiuma mtu hatembei, na pilau isiyo na viungo ni wali wa rangi.

Nani ataniona?

Nilidhani nimekwisha kushinda ubishi ule. Mwenye bucha, aliyekuwa akitusikiliza huku akipasua mfupa, akacheka. "Mzee," akaniambia, "huyo kijana mwenyewe ni namba sita wa timu yetu hapa Kaloleni. Muulize kwa nini haji mazoezi. Wiki ya pili sasa."

Mimi sikuwa na habari hizo. Kijana akainamisha kichwa, na baada ya kubembelezwa akasema. Kule Mombasa, katika uwanja wa Tononoka, alikuwa namba kumi. Watoto wakimjua na watu wazima wakimwita kwa jina la utani. Alipofika Nairobi kocha alimtazama kwa mwezi mmoja, kisha akamrudisha nyuma. Hakumweleza sababu. Alimwambia tu akae pale, asipite nusu ya uwanja.

"Mjomba," akaniuliza, "huko nyuma nitaonwa na nani?"

Msomaji, nakiri kwamba sikuwa na jibu. Maneno yangu yote juu ya Gattuso na sentahafu yalinikauka mdomoni. Ni rahisi kumpa mtu wa kwenye kompyuta kazi ya nanga, kwa maana yeye hana mama, wala hana ndoto ya kuchezea nchi yake. Nililipa nyama, tukapanda matatu, nami nikawa nalifikiri swali lile mpaka leo.

Swali lake ni la haki, na lawama haimhusu yeye. Sisi tunaotazama, tunaosikiliza na tunaoandika ndio tuliomfunza kwamba aonekanaye ni mwenye mpira peke yake. Hebu tukumbuke usemi uliovuma nchi nzima, "Kadenge na mpira." Aliyeuvumisha redioni ni marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, Mombasa, aliyetutoka Februari 2025. Ulikuwa usemi mtamu, na Kadenge aliustahili. Lakini ni nani aliyemnyang'anya adui mpira ule hata ukamfikia Kadenge? Redio haikuwa na nafasi ya kumtaja, na sisi hatukuuliza. Mbotela huyo huyo alikuwa na kipindi chake cha kutuadibisha, "Je, Huu ni Ungwana?" Natamani angeliweka swali hili humo: kumshangilia aliyepokea na kumsahau aliyetoa, je, huu ni ungwana?

Mfano ulio mkubwa zaidi uko karibu mno na Burma. Victor Wanyama alikulia Muthurwa, mwendo mfupi tu kutoka sokoni, akasoma Kamukunji. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, naye kiungo, alikuwamo katika kikosi cha Inter Milan mwaka 2010 ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Victor hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa pale pale mbele ya mabeki, kukaba na kuziba. Kwa kazi hiyo Southampton iliilipa Celtic pauni milioni 12.5 mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa kazi hiyo Tottenham ikamchukua mwaka 2016. Na kwa kazi hiyo akawa nahodha wa Harambee Stars.

Sasa mwulize Mkenya yeyote anamkumbuka Wanyama kwa lipi. Atakuambia bao la kichwa alilowafunga Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, Celtic iliposhinda 2-1. Akiwa shabiki wa Tottenham ataongeza kombora la Anfield dhidi ya Liverpool, Februari 2018. Mabao! Mtu aliyelipwa miaka kumi na zaidi kwa kuzuia mabao, sisi tunamkumbuka kwa machache aliyofunga. Ikiwa hata Wanyama hatukumwona katika kazi yake, kijana wa Kaloleni ana haki ya kuogopa.

Wala kosa hili si letu peke yetu. Mwaka 2003 Real Madrid, wakiwa mabingwa wa Hispania, walimnunua David Beckham, na majira hayo hayo wakamwachia Claude Makelele, mzaliwa wa Kinshasa, aende Chelsea. Waliongeza jina la kuuza jezi, wakamwondoa mlinzi wa mlango. Hawakuupata tena ubingwa wa ligi mpaka mwaka 2007. Chelsea, pamoja na Makelele, waliutwaa wa Uingereza mwaka 2005 na tena mwaka 2006. Sisemi kwamba sababu ilikuwa mtu mmoja. Nasema kwamba waliomjua thamani yake walikuwa majirani zake uwanjani, na waliochelewa kuijua ni walioketi jukwaani.

Kosa la makocha

Lakini nisije nikawalaumu watazamaji nikawaachia makocha. Katika mitaa yetu, Nairobi hata Mombasa, nafasi hii imefanywa jaa. Mtoto asiyejua kupiga chenga, mpe namba sita. Mwenye mwili mkubwa na miguu mizito, mpe namba sita. Aliyemkosea kocha, naye arudishwe nyuma akatulie. Ikiwa mahali panatumiwa kama kifungo, nani atapenda kwenda huko?

Ilhali ukweli ni kinyume. Kiungo wa nyuma hupokea mpira akiwa na adui mgongoni na lango lake nyuma yake. Winga akikosea hupoteza mpira, yeye akikosea hupoteza bao. Kwa hivyo apelekwe huko aliye na kichwa, na aelezwe kwamba amepelekwa kwa sababu ya kichwa. N'Golo Kanté, Mwislamu mwenzetu asiyependa makuu, alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016, akahamia Chelsea akawa bingwa tena mwaka 2017, kisha akatwaa Kombe la Dunia na Ufaransa mwaka 2018. Hakuna aliyempeleka kati kwa sababu hakufaa kwingine.

Nimefanya mambo mawili. La kwanza, nilimwendea yule kocha. Nilimkuta mtu mwema, mchovu, mwenye watoto arubaini na mipira mitatu. Akaniambia, "Nilimrudisha kwa sababu ndiye pekee anayetazama kushoto na kulia kabla ya kupokea." Nikamwomba maneno hayo amwambie kijana mwenyewe. Akashangaa, kwa kuwa alidhani kijana anajua.

La pili, Jumapili iliyofuata nilikwenda Kaloleni kutazama mechi. Kijana alikuwapo, mbele ya mabeki. Sitasema alikuwa na furaha, maana hakuwa, na kwa maneno yake mwenyewe bado anaitamani namba kumi. Ni haki yake, na huenda siku moja akairudia. Mimi niliazimia dakika kumi nisiutazame mpira, nimtazame yeye. Naapa kazi hiyo ilikuwa ngumu! Jicho lilikuwa likikimbilia mpira kila mara kama mbuzi aliyekata kamba. Lakini nilipolishika nikaona ambayo sijapata kuyaona. Beki wa kulia alipanda, kijana akasogea hatua tano akasimama mahali pake. Adui mmoja alitaka kupita katikati, akamwona amesimama, akageuza njia. Hakuugusa mpira. Hakuna aliyepiga makofi. Tunaposimama katika swala tunaambiwa tuziweke sawa safu na tuzibe mianya, na hakuna anayesifiwa kwa kuziba. Lakini ukiachwa mwanya mmoja, safu yote huonekana imeharibika.

Nawaomba basi wenzangu wa magazeti na redio wamtaje mtu huyo walau mara moja katika kila habari ya mechi. Nawaomba makocha wa mitaani wamweleze kijana sababu kabla ya kumhamisha. Nawe msomaji, ukienda tena uwanjani, iwe Mombasa, Malindi au hapa City, jaribu dakika kumi kumtazama namba sita bila kuufuata mpira. Nusu ya jibu la swali la mpwa wangu limo katika dakika hizo, maana huko nyuma hataonwa na mtu ikiwa mimi na wewe hatutageuza macho.

Na ile timu ya kompyuta? Regista ameondolewa, nanga ametiwa. Mechi ya kwanza walitoka sare, bila kwa bila. Kijana alinionyesha matokeo hayo jikoni, nami nikamwambia nanga hakuwahi kulipeleka jahazi popote. Kazi yake ni kulizuia lisipelekwe. Akacheka, akaifunga kompyuta, akaenda kutafuta viatu vyake vya mazoezi.